Mgonjwa Mmoja, Maswali Mengi: Visa Adimu vya Kitabibu na Tiba Zilizotokana Navyo

Maswali haya nimeyasikia mara nyingi kwenye benchi la nje ya chumba cha daktari, kutoka kwa wagonjwa na ndugu zao. Mengine huulizwa na wauguzi na madaktari wanafunzi, wakishaona hakuna bosi karibu. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale pale.

Ugonjwa huitwa adimu ukiwa na wagonjwa wangapi?

Inategemea unamuuliza nani. Umoja wa Ulaya unahesabu ugonjwa usiozidi watu 5 katika kila 10,000. Marekani wanatazama jumla: wagonjwa wawe chini ya 200,000 nchi nzima. Magonjwa yanayoingia humo ni maelfu, na mengi ni ya kurithi.

Tatizo ni kwamba kilicho adimu kwa jirani huenda kwako ni cha kila siku. Mwaka 1910 James Herrick wa Chicago alichapisha habari za kijana kutoka Grenada, mwanafunzi wa udaktari wa meno, aliyekuwa na upungufu wa damu na chembe nyekundu zilizopinda kama mundu. Kwa Herrick kilikuwa kioja. Kwa wazazi wa kandokando ya Ziwa Victoria waliokuwa wakizika watoto wenye maumivu ya mifupa na macho ya manjano, kioja kilikuwa wapi? Mpaka leo Marekani huiweka selimundu kwenye orodha ya magonjwa adimu, huku Tanzania wakizaliwa maelfu ya watoto wenye ugonjwa huo kila mwaka. Ualbino nao ni hivyo hivyo: Ulaya hukadiriwa mtu 1 katika 17,000 hadi 20,000, Tanzania 1 katika 1,400. Ukitumia kipimo cha Ulaya, ualbino Tanzania si adimu.

Hili si la kubishania maneno tu. Haidroksiyurea, dawa ya selimundu iliyotumika Marekani kwa miaka, watu walisita kuwapa watoto wetu kwa hofu kwamba ingewaongezea malaria. Ilibidi ijaribiwe huku huku, Angola, Congo, Kenya na Uganda. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2018 na kuchapishwa 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria yenyewe ikapungua.

Daktari akiandika ripoti ya mgonjwa mmoja, huandika nini?

Umri, kilichomleta hospitali, alichokiona daktari, vipimo, tiba, na kilichofuata baada ya hapo. Hiki cha mwisho ndicho hurukwa mara nyingi, na ndicho ninachokitafuta kwanza nikisoma.

Kweli mgonjwa mmoja anaweza kubadilisha tiba ya wengine?

Anaweza, ila si kwa njia watu wanayodhani. Kisa ninachopenda kukitumia ni cha hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Dk. Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt aje kumtazama mtoto wa kiume aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, hakujua ni kitu gani. Uvimbe hauanzi pande nne kwa mpigo. Jipu lina upande wake, saratani nayo ina upande wake. Wiki chache baadaye akiwa Jinja alitupa jicho nje ya dirisha la hospitali, akaona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Mtoto wa kwanza angeweza kupita kama ajabu. Wa pili alimfanya Burkitt arudi Mulago kufukua mafaili.

Mafaili yalimwonyesha kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe mwingine tumboni, kwenye figo au kwenye ovari. Vilikuwa vikiandikwa kwa majina tofauti, na kila idara ilikuwa na kipande chake. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari kuukuu la Ford kwa pauni 250 wakasafiri takriban maili 10,000 kwa wiki 10 mpaka Afrika Kusini, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na picha mkononi: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Milimani kwenye baridi waliambiwa hapana. Nyanda za chini zenye joto na mvua, ndiyo. Ukiiangalia ramani iliyopatikana, utadhani umeshika ramani ya malaria, na baadaye ikajulikana kwamba malaria ni mojawapo ya vinavyochangia saratani hiyo.

Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliokaa kumsikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Vinyama vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kwa muda mrefu hakuna kilichopatikana. Desemba 1963 ndege ilizuiwa na ukungu London ikaenda kutua Manchester. Kichupa kilifika kwa kuchelewa, maji yake yamechafuka kama yaliyoingia vijidudu. Mwingine angekitupa. Epstein aliweka tone chini ya hadubini akakuta uchafu ule ni seli za uvimbe zinazoelea, ziko hai. Seli hizo zikaoteshwa, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Tiba je? Uganda ya wakati ule haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu kwenye uvimbe kama ule hakikufika mbali. Zikabaki dawa. Watoto wengine uvimbe ulinywea baada ya dozi chache tu za saiklofosfamaidi, dawa ya saratani, jambo lililowashangaza hata waliokuwa na mashine. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, yaani saratani kama hii ya watoto wa Burkitt, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Katika nchi tajiri, watoto 9 katika 10 wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu bado hatujafika huko, na sababu kubwa ni kwamba mtoto huletwa amechelewa, au familia huishiwa nauli kabla ya dozi kwisha.

Jambo moja hunikera kila ninaposimulia kisa hiki. Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameshaacha kwenye kumbukumbu zake maelezo ya watoto wenye uvimbe wa taya wa aina hiyo. Yalikaa kabatini zaidi ya nusu karne.

Nimesoma kuna mtu alipona kichaa cha mbwa bila chanjo. Kwa nini ndugu yangu asipewe tiba ile ile?

Ni kweli. Mwaka 2004, Wisconsin, Marekani, binti wa miaka 15 aliyeng'atwa na popo alipona baada ya madaktari kumlaza usingizi mzito wa dawa na kumpa dawa za kupambana na virusi. Habari zilienea duniani. Hospitali nyingi zikajaribu utaratibu ule ule, na karibu wagonjwa wote wakafariki. Huenda mwili wa binti yule ulikuwa na kinga yake, huenda kirusi cha popo yule kilikuwa dhaifu. Wataalamu wengi leo hawaupendekezi.

Kinachofanya kazi kinajulikana tangu zamani: osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha wahi chanjo siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na jeraha ni mkwaruzo tu. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Basi ripoti za mgonjwa mmoja hazina maana?

Zina maana kubwa, kwa kazi yake. Linganisha na kisa cha Bordeaux, Ufaransa. Mtoto mchanga alikuwa na hemanjioma, ule uvimbe mwekundu wa mishipa ya damu, puani. Akapata pia tatizo la moyo, akaanzishiwa propranololi, dawa ya zamani ya moyo na presha ambayo haina uhusiano wowote na ngozi. Kesho yake uvimbe ukawa umelainika na rangi yake imefifia. Christine Léauté-Labrèze na wenzake hawakuishia kupiga makofi. Waliwapa watoto wengine, na mwaka 2008 wakaandika kuhusu 11. Kisha ukafanyika utafiti wa watoto 460, wengine wakipewa dawa na wengine maji matamu yasiyo na dawa, bila mzazi kujua nani kapata nini. Majibu yalitoka 2015: baada ya wiki 24 uvimbe uliisha au kukaribia kuisha kwa asilimia 60 ya waliopewa dozi kamili, dhidi ya asilimia 4 ya wasiopewa. Kabla ya hapo watoto hawa walipewa steroidi kwa miezi, na madhara yake yote.

Visa hivi viwili vilianza sawa, mtoto mmoja na mshangao mmoja. Propranololi iliyashinda majaribio yaliyofuata, tiba ya Wisconsin ikashindwa. Siku ile ya kwanza hakuna daktari ambaye angeweza kukuambia kipi kitakuwa kipi, na anayejidai angeweza, muulize kwa adabu.

Dawa iliyowahi kudhuru watu inaweza kurudi kuwa tiba?

Thalidomaidi ilifanya hivyo. Ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, na wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu. Desemba 1961 jarida la Lancet lilichapisha barua fupi ya William McBride, daktari wa uzazi wa Australia. Aya chache tu, akisema anaona watoto wanazaliwa na mikono na miguu isiyokamilika, na mama zao walitumia dawa hii. Je, wasomaji wengine wameona kama yeye? Ujerumani, Widukind Lenz alikuwa ameshafikia jambo hilo hilo na dawa ilikuwa imeanza kuondolewa sokoni. Walioathirika walizidi watoto 10,000. Marekani iliponea chupuchupu, kwa kuwa Frances Kelsey, mkaguzi wa dawa, alikataa kuipitisha mpaka apewe ushahidi wa kumridhisha.

Mwaka 1964, Jerusalem, daktari Jacob Sheskin alikuwa na mgonjwa wa ukoma mwenye vinundu vya maumivu makali ambavyo vilimnyima usingizi. Alimpa thalidomaidi, alale tu. Usingizi ukaja, na vinundu vikaanza kupona ndani ya siku chache. Akawapa wengine, wakapata nafuu vile vile. Leo dawa hiyo hutumika kwa hali hiyo ya ukoma na kwa saratani ya uboho, kwa masharti magumu sana kwa mwanamke anayeweza kushika mimba. Masharti hayo si urasimu wa wafamasia. Yakilegezwa, watoto wa 1961 watazaliwa tena.

Kuna magonjwa yaliyotambuliwa kwanza kwetu?

Mengi. Chikungunya ilielezwa baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 huko Newala, kusini mwa Tanganyika, na jina lake ni neno la Kimakonde la kujikunja, kwa jinsi viungo vinavyomkunja mgonjwa. O'nyong'nyong, ndugu yake, ilipata jina kwa Waacholi wa Uganda mwaka 1959. Nayapenda majina haya kwa sababu mgonjwa ndiye aliyeueleza ugonjwa na daktari akaandika alichosikia. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani limeshauri magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali au ya watu, ili wenyeji wasinyanyapaliwe.

Je, ugonjwa ukishatambuliwa, tiba hufuata?

La, na hapa lazima niseme ukweli hata kama si mtamu.

Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa. Miongoni mwa watoto aliona wale ambao kichwa huanguka mbele, kinainuka, kinaanguka tena, kama anayesinzia darasani. Aliandika. Miaka ilipita. Ugonjwa kama huo ukaonekana kusini mwa Sudan katika miaka ya 1990, kisha kaskazini mwa Uganda, Kitgum na Pader, na ndipo dunia ikashtuka. Unahusiana sana na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo wa mitoni, na pale usubi unapodhibitiwa kwa dawa ya ivermektini na kuua viluwiluwi vya inzi hao, wagonjwa wapya hupungua mno. Namna hasa unavyoharibu ubongo bado ni mjadala. Kwa mtoto aliyekwisha kuugua, dawa za kifafa hupunguza mitikisiko, chakula cha kutosha husaidia, lakini hakuna dawa ya kuufuta.

Konzo nayo. Jina lenyewe ni la Kiyaka cha Kwango, Congo, likimaanisha miguu iliyofungwa, na liliingia kwenye maandishi ya kitabibu mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haitanyooka tena. Chanzo ni muhogo mchungu ulioandaliwa haraka, hasa wakati wa njaa, kwa mtu asiyepata protini ya kutosha. Sumu ya sianidi inabaki. Tanzania ilionekana Tarime katikati ya miaka ya 1980, ukame ulipowafanya watu wakatishe siku za kuandaa muhogo. Tiba hakuna, kinga ipo, na haihitaji hospitali: unga wa muhogo unachanganywa na maji, unatandazwa tabaka jembamba kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu inapotelea hewani, kisha unasonga ugali wako jioni hiyo. Mama mmoja akifundishwa vizuri, jirani zake wote hujua ndani ya wiki.

Mtoto wangu ana hali ambayo kila hospitali inasema haijaiona. Nianzie wapi?

Anza na daftari. Andika dalili ya kwanza ilionekana lini, alikuwa ameanza kukaa au kutembea, nini alichokuwa anaweza na sasa hawezi. Kama anapata degedege au mitikisiko, mrekodi kwa simu. Video ya sekunde 30 huniambia mengi kuliko mzazi aliyechanganyikiwa anavyoweza kueleza, na mtoto mwenyewe akifika kwangu huwa ametulia kama hana lolote. Chora ukoo mpaka kwa babu na bibi: nani alifariki mdogo, nani ana hali inayofanana, wazazi wana udugu au la. Swali hilo la mwisho huwaudhi watu, lakini magonjwa mengi ya kurithi yanajificha hapo, na hatuulizi kwa ajili ya kumhukumu mtu.

Beba maboksi ya dawa zote, tupu na zilizobaki. Dawa za mitishamba zitaje pia. Hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza, zitaje hivyo hivyo; baadhi hugusa ini na figo na kupotosha vipimo.

Kama kilichukuliwa kinyama cha kupima, uliza kimehifadhiwa maabara gani na kwa namba ipi. Nimeshuhudia familia ikirudia upasuaji kwa sababu tu hakuna aliyejua kipande cha kwanza kiliishia wapi.

Daktari anataka kuandika habari zangu na kunipiga picha. Nikubali?

Uamuzi ni wako, na ukikataa tiba yako isiguswe. Kabla ya kutia sahihi muulize mambo haya: itachapishwa wapi, itasomwa na nani, picha itaonyesha nini, na naweza kubadili mawazo mpaka lini? Jarida likishachapishwa halirudi, na mtandaoni ndiyo kabisa. Kibao cheusi kwenye macho hakifichi mtu. Majirani hukutambua kwa kovu, kwa kanga, hata kwa ukuta wa nyuma. Majarida makini hayakihesabu tena kuwa kinga. Na kama ugonjwa wako uko peke yake wilaya nzima, jina likifutwa lakini kijiji kikatajwa, bado umetajwa.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na habari za afya zimo ndani yake. Picha ya mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp la madaktari, hata kwa nia njema ya kuomba ushauri, inahitaji ridhaa vile vile. Nasema hivi nikijua tunavyofanya.

Nitalipwa?

Kwa ripoti ya kisa, kwa kawaida hapana. Akitakiwa mtu alipie ndiyo apate tiba ya "utafiti", hapo simama na uulize ruhusa ya kamati ya maadili iko wapi.

Nasikia siku hizi hutengenezwa dawa ya mtu mmoja tu. Ni kweli?

Ni kweli. Februari 2025, Philadelphia, mtoto mchanga aliyezaliwa bila kimeng'enya cha kuondoa amonia mwilini alipewa tiba ya kurekebisha jeni iliyotengenezwa kwa ajili ya kosa lake la kurithi, la kwake peke yake, ndani ya takriban miezi sita. Akaweza kula protini zaidi na kupunguziwa dawa. Waliomtibu wenyewe wamesema ni mapema kuita kupona, na kwamba anahitaji kufuatiliwa kwa miaka. Kwa familia ya hapa kwetu, hatua ya karibu zaidi ni kipimo cha watoto wachanga kitakachogundua matatizo kama hayo kabla hayajadhuru ubongo, na hicho bado hakijaenea.

Nimekuta ripoti mtandaoni inayofanana kabisa na ugonjwa wangu. Niiamini?

Isome, kisha mletee daktari wako. Tazama mgonjwa alifuatiliwa kwa muda gani. Tazama kama alipewa dawa moja au tano kwa pamoja, maana zikiwa tano hujui iliyofanya kazi. Kumbuka pia waliopona huandikwa kuliko waliokufa. Hakuna anayekimbilia kuchapisha "tulijaribu, ikashindwa". Na yapo majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote alimradi mwandishi alipe.

Naweza kuomba nakala ya faili langu?

Ndiyo, na iombe kabla ya kuruhusiwa kutoka, sio miezi mitatu baadaye. Ukishindwa kupata faili lote, chukua vitatu: muhtasari wa kuruhusiwa, majibu ya kinyama, na namba ya picha za CT au MRI pamoja na CD yake. Zipige picha kwa simu, zitume kwa ndugu wawili wanaokaa nyumba tofauti. Karatasi zenyewe ziweke kwenye mfuko wa plastiki, mbali na jiko na panya.